Mwalimu Aliyesalia: Habari za Kusimamishwa Tena kwa Elimu ya Tanganyika Baada ya Vita Kuu vya Kwanza

Habari za vita vya Ulaya zilipofika katika bandari ya Tanga mwezi wa Agosti 1914, ilikuwapo katika mji ule shule ya serikali iliyokwisha kutimiza zaidi ya miaka 20, yenye madarasa ya kusoma na kuandika, karakana za kazi za mikono, na mtambo wa kupiga chapa uliotoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Vijana waliopanga herufi za risasi katika mtambo ule, wakiziokota moja moja kwa ncha za vidole na kuzisimamisha kinyumenyume ili zije zisomeke sawasawa katika karatasi, walikuwa watoto wa nchi, na maneno waliyoyapanga yalikuwa maneno ya lugha yao wenyewe. Gazeti hilo lilianza mwaka 1904. Mwaka 1916 likakoma, wala halikurudi tena. Baina ya kukoma kwake na siku ilipotoka nakala ya kwanza ya Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu ya Tanganyika, Januari 1923, ipo miaka takriban saba, na katika miaka hiyo saba imo habari ninayokusudia kuisimulia: namna elimu ya nchi nzima ilivyovunjwa na vita, ni kitu gani kilichosalia katika kuvunjwa kwake, na ni mikono ya nani iliyoanza kuisimamisha tena.

Yafaa kwanza tujue kilichovunjwa, maana asiyeijua nyumba ilivyokuwa hawezi kukadiri hasara ya kuungua kwake. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipoitwaa nchi hii waliwakuta pwani watu wenye elimu yao: maliwali na maakida, makadhi na matajiri wa biashara, wenye kuandikiana nyaraka na hati za mapatano kwa Kiswahili kilichotiwa katika herufi za Kiarabu. Gavana Julius von Soden, aliyetawala tangu 1891 hata 1893, alitambua kwamba dola isiyo na makarani haiwezi kutoza kodi wala kupeleka amri, na kwamba watu wa pwani, maadamu ni Waislamu, hawatapenda kuwapeleka watoto wao katika shule za misheni. Kwa sababu hiyo zikaanzishwa shule za serikali zisizofundisha dini ya Kikristo, ya kwanza ikiwa ni ile ya Tanga, na lugha ya mafunzo ikawa Kiswahili katika herufi za Kirumi. Baadhi ya wamisheni walinung'unika, wakidhani kwamba kukieneza Kiswahili ni kuueneza Uislamu pamoja nacho. Lakini haja ya serikali ikashinda manung'uniko yao.

Mpango wenyewe ulikuwa wa daraja. Chini zilikuwako shule ndogo za vijijini, zilizofundisha kusoma, kuandika na hesabu. Juu yake shule kubwa za mijini, ambako aliyefaulu aliongezewa masomo. Na kileleni ilisimama Tanga, iliyotoa walimu, makarani, wakalimani na maakida waliotawanywa hata Mwanza na Ujiji, miji ambayo ramani za wakati ule ziliiandika Muansa na Udjidji. Ilipofika 1914 serikali ilikuwa na shule zipatazo 100 zenye wanafunzi kama 6,000, na misheni za madhehebu mbalimbali zilikuwa na shule zaidi ya 1,800 zenye wanafunzi zaidi ya 150,000, ingawa aghalabu ya hizi za misheni zilikuwa vibanda vya nyasi ambamo kusoma kulifundishwa kidogo na dini kwa wingi.

Insafu yatutaka tuseme mambo yote mawili. Utawala ule ulikuwa wa kiboko na kodi, nao ulimwaga damu nyingi mno katika Vita vya Maji Maji, baina ya 1905 na 1907, na shule zake hazikujengwa kwa mapenzi ya mtoto wa Kiafrika bali kwa haja ya ofisi. Lakini mtu huweza kuchimba kisima kwa ajili ya farasi wake, na kiu ya jirani ikakatwa na maji yale yale. Kwa mara ya kwanza karani wa Tanga aliweza kumwandikia mwalimu wa Tabora, na mwalimu wa Tabora akamwandikia akida wa Songea, kwa lugha moja isiyokuwa mali ya kabila moja. Na jambo hilo, ambalo watawala wenyewe waliliona kuwa ni urahisi wa kazi tu, ndilo lililokuja kuwa uti wa mgongo wa yote yaliyofuata.

Tumfikiri sasa mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka 1909 katika kitongoji cha karibu na mji wa Tanga. Alikuwa na miaka mitano meli za Waingereza zilipotokea na kushusha majeshi kutoka Bara Hindi, yakapigana na majeshi ya Wajerumani tangu tarehe 2 hata tarehe 5 Novemba 1914, baina ya minazi na nyumba za mji, kisha yakarudi melini yameshindwa. Alikuwa na miaka saba, umri wa kuingia darasani, Waingereza waliporudi na kuutwaa mji mwezi wa Julai 1916. Mwezi wa Septemba wa mwaka ule ule Dar es Salaam iliingia mikononi mwa Waingereza na Tabora mikononi mwa Wabelgiji, na tangu hapo vita vikahamia kusini, vikazungukazunguka huko na ng'ambo ya mto Ruvuma, mpaka Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, amiri wa majeshi ya Wajerumani, alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kupata amani. Mtoto wetu alikuwa amefikisha miaka tisa, na hapakuwa na shule ya serikali iliyompokea.

Vita havikuihitaji mizinga ili kuzifunga shule. Mwalimu aliyejua kusoma na kuandika alikuwa mtu adimu, na jeshi halimwachi mtu adimu akae na watoto: huyu alifanywa karani wa kikosi, yule mkalimani, wa tatu mhesabu wa magunia ya unga. Vijana wenye nguvu waliandikwa kuwa wapagazi, wakachukua mizigo ya majeshi mabegani siku baada ya siku, na hesabu za Waingereza wenyewe zakiri kwamba waliokufa katika wapagazi wao walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza liligeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo, na mitaa miwili, mmoja wa Dar es Salaam na mwingine wa Nairobi, imebeba jina hilo hata leo, ilhali wengi wanaonunua nyanya na vitenge humo hawajui kwamba wanalitaja jeshi la watu waliokufa chini ya mizigo.

Shule za misheni nazo zilipigwa mara mbili, kila upande ukizipiga za mwenziwe. Serikali ya Wajerumani iliwafunga wamisheni wa Kiingereza, na pamoja nao walimu wao wa Kiafrika, ambao walituhumiwa ujasusi. Miongoni mwa waliofungwa alikuwa Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, aliyesomea chuo cha misheni cha Kiungani, naye alizuiliwa mpaka Tabora ilipotekwa. Kisha hatamu zilipogeuka, Waingereza nao waliwakamata wamisheni wa Kijerumani na kuwaondosha katika nchi. Wale wa mwisho, waliokuwa wamebaki Kilimanjaro, waliondoshwa mwaka 1920. Ikawa katika wilaya nyingi mtu aliyeshika fedha, funguo na madaftari ya shule ameondoka, na hapana aliyejua lini atakuja mwingine.

Fauka ya hayo ikaja njaa. Huko Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakichukua ng'ombe na nafaka na watu, mvua zilipokosa kunyesha ilitokea njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, na makumi elfu ya watu wakapotea. Njaa haijatoka, homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ikaingia kutoka bandarini na njia za reli, ikawafagia waliokwisha kudhoofika. Anayetaka kujua kwa nini shule zilichelewa kufunguliwa baada ya amani na azingatie haya: mtoto hawezi kupelekwa shule na baba aliyezikwa njiani, wala hawezi kukaa kitako kujifunza hesabu siku ambayo mama yake amekwenda mwituni kuchimba mizizi ya kula.

Je, ni nini kilichosalia? Hapa ndipo habari hii ilipo na thamani yake, kwa maana vitu vitatu vilisalia, na vyote vitatu vilikuwa watu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Katika miji na vijiji vya pwani, toka Tanga hata Mikindani, mwalimu alikaa barazani juu ya jamvi, na watoto wakamzunguka na mbao zao zilizopakwa udongo mweupe, wakiandika aya kwa wino wa masizi na kalamu ya mtete, kisha wakizihifadhi, kisha wakiuosha ubao ili kuandika aya nyingine. Chuo cha namna hii hakikungoja bajeti, wala chaki kutoka Ulaya, wala ukaguzi wa mkurugenzi. Ada yake ilikuwa vijisenti vichache, kuni, na sadaka ya siku ya kuhitimu. Vita vilipita juu yake kama tufani ipitavyo juu ya nyasi: zililala, zikainuka. Mtoto wa pwani aliyekosa shule ya serikali aghalabu hakukosa ubao wa mwalimu, na adabu ya kukaa, kusikiliza, kukariri na kuheshimu herufi aliipata humo.

Wa pili walikuwa walimu wa Kiafrika wa misheni. Wamisheni wa Kijerumani walipoondoshwa, watu wengi walitazamia kwamba shule na makanisa yao yatatoweka. Lakini Kilimanjaro, Usambara, Buhaya na nyanda za juu za kusini walimu wenyeji waliendelea kufundisha, wengi wao bila mshahara, wakilima asubuhi na kupiga kengele mchana. Kengele yenyewe mara nyingi ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa mtini. Vitabu vilichakaa, vikashonwa kwa uzi wa katani. Vibao vya mawe vilivunjika, na vipande vyake vikagawiwa watoto wawili wawili. Wamisheni wengine walipokuja, Walutheri wa Marekani wakiwa miongoni mwao, na baadaye Wajerumani wenyewe waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, hawakukuta magofu, bali walikuta watu waliokwisha kuzoea kuongoza mambo yao na ambao hawakuwa tayari kurudi nyuma kukaa kimya.

Wa tatu alikuwa karani. Maofisa wa Kiingereza waliochukua wilaya waliona jambo ambalo hawakulizoea katika makoloni yao mengine, nao waliliandika katika taarifa zao kwa mshangao: waliweza kumpelekea kila akida na jumbe waraka wa Kiswahili, na kutoka kwake wakapata jawabu la maandishi. Serikali iliyoweka mpango huo ilikuwa imekwisha kuondolewa katika nchi, na shule zilizoulea zilikuwa zimefungwa. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umehifadhiwa katika vichwa na vidole vya watu, na hakuna jeshi linaloweza kuuteka mpango wa namna hiyo.

Juu ya msingi huo Waingereza walianza kujenga, nao walianza kwa mkono mzito. Sir Horace Byatt, aliyekuwa mkuu wa utawala tangu wakati wa vita, kisha Gavana wa kwanza, alikabidhiwa nchi iliyochoka na hazina iliyo tupu, na nchi yenyewe ilikuwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, jambo lililowafanya wengi huko London wasite kuitia fedha. Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1920, na mkurugenzi wake wa kwanza, Stanley Rivers-Smith, aliletwa kutoka Unguja, ambako alikuwa ameongoza elimu na alikuwa amekwisha kuzoea Kiswahili na watu wa pwani. Alipewa kazi kubwa kwa fedha chache. Walimu wenye ujuzi walikuwa wametawanyika. Waliopatikana walifundishwa katika taratibu za utawala uliokwisha. Na vitabu vilivyosalia vilikuwa vya mpango wa Wajerumani.

Wale makarani waliosalia nao walipatwa na taabu yao. Mtu aliyetumia miaka kumi kujifunza kazi ya ofisi kwa Kijerumani na Kiswahili alijikuta siku moja mbele ya afisa asiyejua Kijerumani, na pembeni yake ameketi karani kijana aliyeletwa kutoka Unguja, Nyasaland au Kenya kwa kuwa ajua Kiingereza. Baadhi yao walipoteza kazi. Wengine, watu wazima wenye watoto, walianza upya kujifunza alifu na be ya lugha ya tatu. Katika hali hiyo, Machi 1922, Martin Kayamba, ambaye sasa alikuwa karani wa serikali huko Tanga, aliwaunganisha watumishi wa Kiafrika katika chama chao, Wakristo na Waislamu pamoja, ili wapate mahali pa kusoma na kuzungumza na kuinuana. Watu waliokuwa wamefungwa na serikali moja na kudharauliwa na nyingine waliona kwamba hawana haja ya kungoja ruhusa ili wajielimishe, na hilo lastahili kukumbukwa kila itajwapo elimu ya nchi hii.

Kisha, Januari 1923, ikatoka Mambo Leo. Gazeti hili la kila mwezi lilikuwa la serikali, na halikuficha kwamba ni la serikali. Lakini nchi ilikuwa na njaa ya kusoma, na mwenye njaa hulisafisha sahani yoyote. Walimu wa mbali walilisoma kwa sauti barazani na chini ya miembe, wasiojua kusoma wakisikiliza; na punde si punde wasomaji wakawa waandishi, wakapeleka barua, habari za makabila yao, historia za miji yao, na mashairi ya kujibizana. Lilifanya kazi ya shule katika vijiji ambavyo shule ilikuwa haijafika.

Mwaka 1924 ilifika Afrika ya Mashariki tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones, kuchunguza elimu ya Waafrika. Katika wajumbe wake alikuwamo James Emman Kwegyir Aggrey, mzaliwa wa Anomabo katika Pwani ya Dhahabu, nchi tuiitayo Ghana leo, mwanachuoni aliyefundisha miaka mingi Marekani. Kwa vijana wengi alikuwa Mwafrika wa kwanza waliyemwona amekaa meza moja na wakubwa wa Ulaya, akiulizwa rai yake na kusikilizwa. Alipenda kutoa mfano wa kinanda, akisema kwamba funguo nyeupe peke yake hutoa sauti, na nyeusi peke yake hutoa sauti, lakini uzuri kamili huja zikipigwa pamoja. Wapo waliomwona kuwa mpole mno mbele ya wakubwa. Lakini kuwapo kwake kulikuwa hoja, na hoja hiyo haikuweza kujibiwa na yeyote aliyedai kwamba akili ya Mwafrika ina mpaka.

Mashauri ya tume yalikuwa na uzuri na kasoro. Ilisisitiza kwamba elimu ilingane na maisha ya watu: afya, kilimo, ufundi, malezi ya nyumbani, na hapana mwenye akili atakayekana faida ya hayo. Lakini baba aliyeuza mbuzi ili mwanawe asome hakumpeleka shule akashike jembe aliloliacha nyumbani, na wazazi wengi waliuona mpango huo kuwa ni ujanja wa kuwazuilia watoto wao vitabu na Kiingereza, vitu ambavyo kila mtu aliviona kwa macho yake kuwa ndivyo vifunguavyo mlango wa ofisi. Shaka yao haikuwa ya bure.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa kugeuka kwa mambo. Machi 1925 serikali ya Uingereza ilitangaza siasa yake ya elimu kwa nchi zake za Afrika ya joto; Gavana mpya, Sir Donald Cameron, aliwasili Tanganyika akiwa na nia ya kuitolea elimu fedha zaidi; na mwezi wa Oktoba serikali na misheni walikutana Dar es Salaam, wakapatana kwamba shule za misheni zitakazofuata kawaida iliyowekwa na kukubali kukaguliwa zitapewa msaada wa fedha. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikayatia mapatano hayo nguvu. Chuo cha Kiungani kilihamishwa kutoka Unguja hadi Minaki mwaka 1925, na Mpwapwa yakaanzishwa mwaka 1926 mafunzo ya walimu wa serikali, maana hatimaye ilidhihirika kwamba nyumba za shule zaweza kujengwa kwa miezi mitatu, lakini mwalimu hajengwi kwa miezi mitatu.

Cameron aliamini utawala wa kupitia kwa machifu, na itikadi hiyo ikaingia mpaka madarasani. Huko Tabora ilianzishwa shule ya serikali iliyokusudiwa wana wa machifu, ili watawala wa kesho wapate elimu ya utawala. Huko Malangali, katika nyanda za Iringa, mwalimu mkuu W. Bryant Mumford alijaribu tangu 1928 kuifanya shule ifanane na maisha ya Wahehe na majirani zao: wazee wakaitwa kufundisha mila na historia, na ngoma na mikuki vikapewa nafasi kando ya vitabu. Palikuwa na heshima katika jaribio hilo, kwa kuwa lilikiri kwamba mtoto haji shuleni akiwa mtupu. Lakini palikuwa na hatari pia, kwa kuwa aliyeamua ipi ni mila ya kweli na ipi si ya kweli alikuwa mgeni.

Jambo lililodumu kuliko yote lilikuwa la lugha. Vitabu havikuweza kuchapwa kwa wingi maadamu kila misheni ilikuwa na tahajia yake na kila mwambao lahaja yake. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa, na pamoja nao alikuwapo mwanachuoni wa Kijerumani, Carl Meinhof, wakaamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha kwa nchi nne za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Kiunguja kilishinda kwa sababu kilikuwa kimekwisha kusafiri na misafara hata maziwa makuu, kisha kikasafiri na makarani. Walakini washairi wa Mvita na Lamu, ambao lahaja zao zilikuwa zimebeba tenzi kabla kamati haijafikiriwa, waliona uchungu, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Na mzee aliyeandika Kiswahili kizuri kwa herufi za Kiarabu alijikuta, pasipo kupungukiwa na elimu hata chembe, akihesabiwa katika madaftari ya serikali kuwa hajui kusoma.

Kazi hii ya kujenga yapaswa kuhukumiwa, nami sitaificha hukumu yangu. Iliinua nyumba yenye nyufa tangu msingini. Watoto waligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na fedha zikafuata mgawanyo huo kinyume cha idadi yao. Msaada wa serikali uliwafikia wenye shule za misheni, na vyuo vya Waislamu, vilivyokuwa vimevumilia vita vyote, vikaachwa bila kitu, na upungufu huo ukaleta tofauti ambayo vizazi vilivyofuata vilihangaika kuisawazisha. Wasichana walikumbukwa mwisho na kwa uchache. Na bei za mazao zilipoanguka duniani kote baada ya 1929, elimu ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kupunguziwa fedha.

Hata hivyo mbegu ilikuwa imekwisha kuota. Yule mtoto wa karibu na Tanga, aliyezaliwa 1909, ambaye vita vilimnyima miaka yake ya kwanza ya shule, aliingia darasani Dar es Salaam mwaka 1922, mwenye umri wa miaka 13. Alisoma miaka minne. Mwaka 1926 walifaulu wanafunzi 11, naye akawa wa pili wao, kisha akaajiriwa karani wa forodha huko Pangani. Hakupata shule nyingine kubwa kuliko hiyo. Jina lake ni Shaaban Robert, na kwa miaka ile minne ya shule iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka katika majivu, lugha yetu ililipwa vitabu ambavyo hakuna bajeti ingeweza kuvinunua. Na ile shule ya Tabora ilimpokea mwaka 1937 kijana wa Kizanaki kutoka Musoma, Julius Nyerere.

Ninyi mnaosoma haya katika nchi ambazo Kiswahili husemwa na ambazo vita vimezipitia katika uhai wetu, Kivu ikiwa mojawapo, pokeeni ushahidi wa Tanganyika. Amani ikija, watakuja watu wenye ramani za majengo, na majengo yana faida yake. Lakini kabla ya kuchimba msingi, mtafuteni mwalimu aliyesalia: yule aliyefundisha chini ya mti bila mshahara, yule aliyeshona kitabu kwa uzi, yule wa barazani mwenye ubao na wino. Mwandikeni jina lake, mlipeni haki yake, mumuulize watoto wako wapi. Yeye ndiye anayejua.